Twawahesabu waliokufa, twawasahau wasiopata usingizi

USIKU wa Septemba 5, 2024 moto ulizuka katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri. Bweni hilo lilikuwa makao ya wavulana 156. Wavulana 21 waliangamia. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti, na kwa majuma kadhaa ilikuwa vigumu kumpata Mkenya asiyeijua idadi hiyo ya 21.

Kuna idadi nyingine ambayo aghalabu haitajwi katika hotuba wala katika vichwa vya habari. Ni idadi ya watoto waliotoka wakiwa hai, wakarejeshwa kwao, na usiku ulipoingia wakaambiwa wakalale. Mtoto aliyeamshwa na moto huambiwa na watu wazima kwamba sasa yuko salama. Lakini ubongo wake umekwisha kujifunza somo jingine: kwamba alipofumba macho ndipo mauti yalipokuja.

Si Endarasha pekee. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini usiku. Septemba 2017, wasichana 10 wa shule ya Moi Girls, Nairobi, walikufa kwa njia iyo hiyo. Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri ya Aprili 2, 2015, wengi wa wanafunzi wakiwa wangali vitandani. Watu 148 waliuawa, 142 miongoni mwao wakiwa wanafunzi. Bwawa la Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018 na kuwasomba watu zaidi ya 40. Mafuriko ya Mai Mahiu yalishuka kabla ya mapambazuko, Aprili 29, 2024. Kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, nchini Somalia, ilishambuliwa kabla ya jua kuchomoza, Januari 15, 2016.

Msomaji atatambua kwamba mengi ya maafa makubwa ya taifa hili yametukuta tumelala. Wala hili si jambo dogo kwa anayetaka kuelewa ni kwa nini maelfu ya wenzetu hawapati hata lepe la usingizi miaka mingi baada ya magazeti kuacha kuandika habari zao.

Lugha yetu inayafahamu mateso haya vyema, pengine kuliko hospitali zetu. Mtu anayepiga kelele na kusema maneno yasiyoeleweka usingizini, twasema anaweweseka. Anayelala huku akisikia kila kinachopita nje, yuko katika mang'amung'amu. Anayegutuka akahisi kwamba kuna kitu kizito kimemkalia kifuani, asiweze kuinua mkono wala kutoa sauti, amekabwa na jinamizi. Maneno haya ni ya kale. Waliyoyaunda hawakuwa madaktari, ila walikuwa wamelala chumba kimoja na watu waliotoka vitani, waliookolewa baharini au waliozika watoto.

Elimu ya tiba ilichelewa. Maradhi ya kiwewe, ambayo wengi huyajua kwa ufupisho wa PTSD, yaliingizwa katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mnamo 1980, na hasa kutokana na shinikizo la wanajeshi waliorejea kutoka Vietnam. Anayeugua huyaishi upya yaliyompata kana kwamba yanatendeka sasa, hukwepa kila linalomkumbusha, na mwili wake hubaki katika hali ya tahadhari kama mlinzi aliyesikia hatua za mtu uani. Makadirio ambayo hutolewa mara kwa mara katika tafiti ni kwamba kati ya asilimia 70 na 90 ya wagonjwa hawa wana matatizo ya usingizi. Tangu 1989 wataalamu wamekuwa wakisema kwamba kukosa usingizi ndiyo alama kuu ya maradhi haya na si kivuli chake tu.

Kwa nini usingizi? Mtu mwenye afya hupitia mizunguko minne hadi sita ya usingizi kwa usiku mmoja, kila mzunguko ukichukua takriban dakika 90. Katika kila mzunguko kuna kipindi cha ndoto, na vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Wakati huo misuli ya mwili hulegezwa ili mtu asiinuke akaigiza ndoto yake. Ubongo nao hupunguza sana kemikali ya noradrenalini, ile inayotusukuma kupigana au kukimbia tunapoona hatari. Watafiti wengi wanaamini kwamba katika utulivu huo ndipo ubongo huyachukua matukio ya mchana, ukayavua makali yake, na kuyaweka mahali pa mambo yaliyopita.

Kwa mwenye kiwewe utulivu huo hauji. Kemikali ile haishuki inavyopaswa. Sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, ambayo kazi yake ni kupiga kamsa ya hatari, hubaki macho hata mwenyewe anapolala. Basi kumbukumbu hufunguliwa ili ichakatwe, hofu hupanda ghafla, moyo hudunda, na mtu huamka akiwa ametota jasho kabla kazi haijakamilika. Usiku wa pili ubongo huanza upya kwa kumbukumbu ile ile. Ndiyo maana ndoto za wagonjwa hawa si kama ndoto za kawaida ambazo hubadilika na kuchanganya mambo. Mara nyingi ni marudio: mlango ule ule, moshi ule ule, sauti ile ile ikiita jina lile lile.

Baada ya muda mgonjwa huanza kukiogopa kitanda chenyewe. Hukaa na runinga hadi saa nane. Huzungukazunguka nyumba akihakikisha makomeo. Wengine hulala kitini, viatu miguuni.

Katika mtaa ninakoishi jijini Nairobi kuna mama mmoja wa makamo ambaye mwanawe alirejea kutoka Somalia akiwa mzima wa viungo. Alinieleza kwamba kijana huyo hulala sebuleni, uso kwa mlango. Mama akiamka usiku kunywa maji humkuta ameketi gizani. "Mwanangu, ingia chumbani ukajinyoshe," humwambia. Naye hujibu kwa adabu ile ile kila mara: "Wewe lala, Mama. Mimi niko macho." Mama huyo haamini kwamba mwanawe ni mgonjwa. Anadhani ni mazoea ya jeshi ambayo yataisha. Amekuwa akidhani hivyo kwa miaka mingi.

Labda msomaji atauliza: je, si jambo la kawaida mtu aliyeona makuu kukosa usingizi? Naam, ni kawaida kwa majuma machache. Watu wengi hupona bila dawa wala daktari, na ni muhimu kulisema hili kwa sauti, kwa kuwa siku hizi neno kiwewe limekuwa likitumiwa ovyo hata kwa aliyefokewa na mwajiri wake. Linalotenganisha aliyetikiswa na aliyeugua ni muda, na usingizi ni mojawapo ya ishara za mapema kuhusu nani anaelekea wapi.

Utafiti uliochapishwa mnamo 2002 nchini Israeli uliwafuatilia manusura zaidi ya 100 wa ajali za barabarani kwa mwaka mzima. Waliokuwa wangali na matatizo ya usingizi yapata mwezi mmoja baada ya ajali ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kupatikana na maradhi ya kiwewe mwaka ulipotimia. Nao watafiti wa Australia walionyesha mnamo 2010 kwamba hata waliokuwa wakilala vibaya kabla ya kuumia walikuwa katika hatari zaidi ya kuugua baadaye. Kwa nchi ambayo barabara zake huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka na kuwajeruhi wengi zaidi ya hao, matokeo haya yangepaswa kubandikwa ukutani katika kila wodi ya majeruhi. Muuguzi anayemfungua mgonjwa plasta ya mguu baada ya majuma sita angehitaji kuuliza swali moja tu la ziada: unalalaje?

Haitakuwa haki kusema kwamba Kenya haijawahi kuhesabu majeraha yasiyoonekana. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 kulipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kuua watu 213 na kuwajeruhi maelfu, kundi la wataalamu likiongozwa na Dkt Frank Njenga lilikusanya majibu ya Wakenya 2,883 kuhusu hali zao. Matokeo yalichapishwa mnamo 2004. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na maradhi ya kiwewe. Waliokuwa katika hatari kubwa ni pamoja na wanawake, wasio na mwenzi wa ndoa, waliosoma kidogo, walioushuhudia mlipuko kwa macho yao, waliojeruhiwa, waliofiwa, na wale ambao mambo ya fedha yaliwaendea mrama baadaye.

Katika orodha hiyo mna jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili. Wasiokuwa wamemweleza rafiki yao yaliyowasibu walikuwa pia miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa. Wanaume wetu, ambao hufunzwa tangu jandoni kwamba machozi ni ya wengine, na wajifikirie hapo.

Bomu lile liliwaathiri watu kwa njia ya pekee. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo na milio, na wengi waliokuwa ofisini katika majengo jirani wakaenda madirishani kutazama. Vioo viliwarukia usoni na baadhi yao wakapofuka. Wapo waliosema baadaye kwamba kitu kinachowaandama usiku ni zile hatua chache walizopiga kwenda dirishani. Katika ndoto hujizuia wasiende, lakini miguu haisikii.

Nimekuwa katika chumba cha habari kwa muda mrefu, na kazi ya msanifu wa habari ni kupunguza. Habari ya maneno 900 huletwa mezani saa tatu za usiku, nafasi iliyopo ni ya maneno 500. Sheria ya kazi yetu ni kwamba unakata kutoka chini. Chini ndiko waandishi walikozoea kuweka aya ya mwisho kuhusu mjane ambaye halali, au mtoto anayelia kila asikiapo king'ora. Sijui ni aya ngapi kama hizo nimezikata kwa miaka hii yote. Idadi ya waliokufa huwa juu kabisa, nayo haikatwi. Nalitaja hili kwa sababu lawama ninazotoa hapa kwa Serikali nasi tunazo sehemu yetu.

Sasa tutazame hufanyika nini maafa yanapotokea. Mahema hupigwa. Washauri nasaha wa kujitolea hufika, wengi wao wakiwa na nia njema, wakavaa vizibao vyenye maandishi mgongoni. Jamaa na manusura huketishwa na kuombwa wasimulie waliyoyaona. Baada ya juma moja au mawili, mazishi yakiisha, mahema hung'olewa.

Utaratibu huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kumhimiza mtu asimulie kwa kina yaliyompata, katika kikao kimoja, siku chache tu baada ya tukio, hakuzuii kiwewe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mnamo 2002 yalidhihirisha hivyo, na kuonya kwamba kwa baadhi ya watu kunaweza hata kudhuru. Kinachofaa siku hizo ni mambo ya kawaida kabisa: chakula, blanketi, taarifa za kweli, kuunganishwa na jamaa, na mtu wa kukaa naye bila kumlazimisha kusema. Mila za matanga, ambapo watu huja wakakesha na wafiwa kwa siku kadhaa, zilikuwa zikifanya haya kabla ya mahema ya washauri kubuniwa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Msaada huja wakati ambapo karibu kila mtu halali, na huondoka wakati ambapo waliobaki bila usingizi wangeweza kutambuliwa. Anayepaswa kutafutwa ni yule ambaye mwezi wa pili, wa tatu, au wa sita, angali anaweweseka. Wakati huo hakuna hema wala kamera, na mwenyewe ameanza kuona haya kwamba wenzake wamesahau ila yeye.

Huyo ndiye anayekwenda dukani kununua vidonge. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mnamo 2013 ambamo lilisema wazi kwamba dawa za jamii ya Valium zisitumiwe kutibu ukosefu wa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha, si kwa watu wazima si kwa watoto. Miongozo ya Marekani kwa wanajeshi wastaafu nayo inapinga dawa hizo kwa wenye maradhi ya kiwewe. Sababu ni kwamba humlaza mtu bila kumpa usingizi unaofanya kazi ile niliyoieleza, na huleta uraibu upesi. Hata hivyo, dawa za namna hii huuzwa katika baadhi ya maduka yetu bila cheti cha daktari, na katika Pwani vijana wana jina lao la mtaani kwa mojawapo: bugizi.

Pombe ni vivyo hivyo. Inamtupa mtu usingizini haraka, ikazizima ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku. Kisha ikiisha mwilini, ndoto zilizozuiwa hurudi kwa fujo kuanzia saa tisa. Anayekunywa ili asiote huishia kuota zaidi, na kesho yake kunywa zaidi. Kuhusu miraa sina haja ya kusema mengi. Anayeitafuna ili akeshe akilinda asikabwe na ndoto anaukopa usiku ambao atalazimika kuulipa.

Wengine hukimbilia kwenye imani, na sioni sababu ya kuwadharau. Katika Pwani mzee atakushauri usome Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala, na ukiota vibaya ugeukie ubavu wa pili. Bara, mchungaji ataitwa aombee chumba. Mtu anayepata utulivu kwa njia hiyo amepata jambo la thamani. Tatizo huzuka kiongozi wa dini anapomshawishi mgonjwa kwamba ndoto ni ushahidi wa laana, au kwamba jinamizi limetumwa na jirani. Hapo hofu moja hugeuka mbili, na ugomvi wa mtaa huongezwa juu yake. Kwa kuwa kiongozi wa dini ndiye mlango wa kwanza kubishwa, angefaa kufunzwa ni lini amwelekeze muumini wake hospitalini.

Je, kuna tiba? Ipo, na jambo la kushangaza ni jinsi ilivyo rahisi kwa gharama. Mnamo 2001 daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha wanawake 168 wa jimbo la New Mexico, Marekani, waliokuwa wamedhulumiwa kimapenzi na kuteswa na majinamizi. Waliofunzwa mbinu hiyo walihudhuria vikao vitatu tu. Mgonjwa huchagua ndoto mojawapo, akiwa macho mchana, na kuibadilisha atakavyo: mlango uliokuwa umefungwa aufungue, aliyekuwa peke yake aingiziwe ndugu zake. Kisha huirudia ndoto hiyo mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Majinamizi yalipungua, usingizi ukaimarika, na dalili nyingine za kiwewe zikalegea.

Dawa ya prazosini, ambayo asili yake ni ya shinikizo la damu, nayo ilileta matumaini makubwa kwa kuwa huzuia athari za noradrenalini. Majaribio madogo yaliisifu. Kisha jaribio kubwa la wanajeshi wastaafu 304 wa Marekani, lililochapishwa mnamo 2018, halikuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Wapo madaktari ambao wangali wanaitumia kwa baadhi ya wagonjwa wao, lakini si mwarobaini.

Tiba inayosifiwa kuliko zote kwa ukosefu wa usingizi kwa jumla ni ile ya kubadili mazoea na fikira: kuamka saa ile ile kila siku, kutolala mchana, kutokaa kitandani ukigaagaa bali kuinuka na kwenda chumba kingine hadi usingizi ukuchukue. Inafanya kazi. Ila hapa ndipo msomaji wa Kibera au Mathare atakapocheka, na ana haki. Chumba kingine kipi? Familia ya watu sita hulala ndani ya chumba kimoja cha mabati chenye upana wa futi kumi. Kuinuka ni kuwakanyaga watoto. Ushauri wa chumba chenye giza na utulivu haumfai anayeishi ukuta kwa ukuta na kilabu cha pombe. Nao walioishi katika mahema ya wakimbizi wa ndani baada ya ghasia za 2007 na 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na wengine zaidi ya 600,000 wakafurushwa makwao, watakuambia kwamba kulala kwa zamu hakukuwa ugonjwa. Kulikuwa ndiko akili timamu.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na vitabu vya ng'ambo havitusaidii sana. Utamwambiaje mtu kwamba hatari imepita ikiwa haijapita? Mama aliyevunjiwa mlango na watu wenye silaha usiku, ambaye bado anaishi nyumba ile ile na mlango ule ule wa bati, hahitaji kwanza mbinu ya kubadili ndoto. Anahitaji komeo. Usalama ni sehemu ya tiba, na hapo waziri wa afya pekee hawezi kitu.

Hayo hayana maana kwamba tusubiri nchi iwe salama ndipo tutibu. Katika kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walitibiwa kiwewe na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi, nao wakapata nafuu. Matokeo yalichapishwa mnamo 2008. Hapa Nairobi, jaribio lililochapishwa mnamo 2017 liliwatumia wahudumu wa afya wa mitaani kuwasaidia wanawake waliokuwa wamepitia dhuluma za kijinsia, kwa vikao vitano. Hali yao iliimarika zaidi ya wale walioelekezwa kwa wauguzi wa kliniki za kawaida. Wahudumu hao hawakuwa na shahada. Walikuwa ni majirani.

Maadamu hali ni hiyo, kilio cha uhaba wa madaktari wa akili, ambacho ni cha kweli, kisiwe kisingizio. Jopokazi la afya ya akili, lililoongozwa pia na Dkt Njenga, lilipendekeza mnamo 2020 hali ya afya ya akili itangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mnamo 2022 na kuzitwika kaunti jukumu la kuwahudumia wagonjwa karibu na kwao. Septemba 2023 Serikali iliwazindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mhudumu huyo huingia nyumbani, huketi jikoni, hujua ni nani aliyefiwa na ni nani aliyerejea kutoka jeshini. Kumwongezea maswali mawili kuhusu usingizi na ndoto hakuhitaji kifaa chochote mkobani. Linalohitajika ni kwamba akipata jibu la kutia wasiwasi, pawe na mtu katika zahanati atakayempokea anayetumwa. Katika kaunti nyingi mtu huyo hayupo, na hilo ndilo bajeti za kaunti zingepaswa kuulizwa.

Turudi bwenini. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mnamo 2008 unaagiza kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje na iwe pande zote mbili, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Baada ya mkasa wa Endarasha, Serikali ilifunga mabweni ya shule zaidi ya 300 mnamo Novemba 2024 kwa kukiuka kanuni. Kwa kawaida sisi huyaona masharti haya kuwa ya kuokoa maisha moto unapozuka, na ndivyo yalivyo. Lakini mtoto aliyewahi kukimbia moto huyahitaji kila usiku, hata usiku usio na moto. Hulala akiwa ameuelekea mlango. Huhesabu hatua. Akikuta dirisha limetiwa vyuma, hafumbi macho.

Mwalimu mmoja wa bweni, ambaye shule yake iliwahi kuwapokea wanafunzi waliohamishwa baada ya moto mahali pengine, alinisimulia alivyomkuta mvulana wa darasa la saba ameketi kitandani saa nane usiku, begi mgongoni. Hakumfokea. Alimshika mkono wakatembea hadi mlangoni, akamwonyesha kwamba kitasa hakijafungwa kwa ufunguo, akamwacha aufungue mwenyewe na kuufunga mara tatu. Usiku uliofuata walifanya vivyo hivyo, na uliofuata pia. Kufikia mwisho wa mwezi mvulana yule alikuwa akienda kuujaribu mlango peke yake kabla ya taa kuzimwa, kisha analala. Begi bado huliweka chini ya mto.